Mawe ya Engaruka na Swali la Waliotutangulia

Utangulizi

Katika somo la mazingira ya Agano Jipya, mwanafunzi wa chuo chetu hutakiwa kuzijua bandari na visiwa vya Ugiriki alivyovipitia Mtume Paulo, pamoja na Patmo alikokuwa Yohana. Hujifunza pia juu ya Krete, ambako Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimbua magofu ya Knossos mwaka 1900. Ni elimu njema, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini muhula mmoja, baada ya kusahihisha mitihani na kuona jinsi vijana walivyoweza kuchora ramani ya Efeso pasipo kukosea, niliwauliza ni wangapi kati yao waliopata kusimama penye magofu ya Engaruka. Walikuwa ishirini na wawili darasani. Wawili waliinua mikono, na mmoja wao alikiri kwamba alipita tu, akiwa juu ya lori la mahindi. Wanane walikuwa wametoka Karatu na Ngorongoro, yaani upande wa pili wa milima ileile inayoyapatia magofu hayo maji.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa kifupi yale yanayojulikana juu ya Engaruka, na kisha kujadili jambo ambalo naliona kuwa zito kwa mchungaji anayehudumu katika nchi hii ya milima: jinsi historia ya mawe hayo inavyotumiwa, mimbarani na nje ya mimbari. Mimi si mwanaakiolojia. Ninaandika kama mwalimu wa historia na kama mchungaji ambaye amekosea katika jambo hili, kama nitakavyoeleza mahali pake.

Mahali na mabaki

Engaruka iko katika Wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo nyanda za juu za Ngorongoro huporomoka ghafla na kuishia katika tambarare kame. Msafiri atokaye Mto wa Mbu kuelekea kaskazini huuacha ukuta huo mkono wake wa kushoto, na mbele yake huona kilele cha Oldoinyo Lengai. Mvua ni haba. Mkulima anayetegemea mawingu peke yake hawezi kuishi hapo. Ila kutoka milimani hushuka mto usiokauka, na pembeni yake kuna vijito vingine ambavyo leo hupitisha maji kwa msimu tu.

Katika mahali hapo waliishi watu ambao tangu karne ya 15 hivi walijenga vijiji saba kwenye mteremko, na chini ya vijiji hivyo wakatengeneza mashamba yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 20. Nyumba zao zilisimama juu ya ngazi za ardhi zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuzuiwa kwa kuta za mawe yasiyo na chokaa wala udongo wa kuyaunganisha. Jiwe limelazwa juu ya jiwe, nalo limekaa. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni fundi mwashi, alizitazama kuta hizo muda mrefu kuliko wengine, akasema kwamba mjenzi wake hakuwa na haraka.

Lakini fahari ya mahali hapo iko bondeni zaidi kuliko vijijini. Maji ya mto yalikingwa karibu na mahali yanapotokea kwenye korongo, yakaelekezwa katika mifereji mikuu, na kutoka hapo yakagawanywa katika mifereji midogo iliyozungushiwa mawe, hata yakafikia kila kitalu. Vitalu vyenyewe ni vidogo, vimesawazishwa kwa makini ili maji yatulie, na kila kimoja kimezungushiwa kingo za mawe. Mawe yaliyosalia baada ya kusafisha shamba yalirundikwa pembeni, na marundo hayo yapo hadi leo. Wachimbuzi wamekuta mbegu za mtama zilizoungua, na kwa sababu hiyo tunajua angalau chakula kimoja cha watu wale. Kuna pia maboma madogo ya mawe ambayo wanazuoni wengi huyaona kuwa mazizi. Ng'ombe walifugwa ndani na kuletewa majani, na samadi yao ikarutubisha vitalu. Katika eneo lililobanwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kuacha shamba lipumzike miaka mingi.

Mtafiti Daryl Stump, aliyefanya kazi hapo katika miaka ya 2000 na kuendelea, ameonyesha jambo moja ambalo binafsi lilinistaajabisha. Sehemu ya mashamba yale haikuwapo tangu awali kama udongo uliosubiri kulimwa. Wakulima walijenga kingo za mawe ili maji ya mafuriko yapunguze mwendo na kuacha tope, kisha wakaziinua kidogo, kisha tena. Kwa namna hiyo udongo wenyewe uliletwa na maji, tabaka juu ya tabaka, kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba Engaruka haikujengwa kwa amri ya mtawala mmoja aliyekuwa na ramani mkononi. Ilikua kidogo kidogo, mtoto akiongeza juu ya kazi ya baba yake.

Maji kama hayo hayagawanyiki bila sheria. Yeyote aliyehudumu mahali pa mifereji anajua kwamba ugomvi wa kwanza wa kijiji ni zamu ya maji, na wa pili ni nani hakutoka kusafisha mfereji. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliandika mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, na mifongo ina nafasi yake humo. Watemi wa Sonjo, ambao wengi wetu tuliwasikia kwa mara ya kwanza mwaka 2011 wakati maelfu walipomiminika Samunge kunywa kikombe, wamekuwa kwa vizazi vingi na baraza la wazee linalotawala maji ya kumwagilia, na mamlaka ya wazee hao hayatenganishwi na ibada. Kwa watu wa Engaruka hatuna jina la mzee hata mmoja, wala jina la Mungu waliyemwomba mvua. Lakini mifereji yao inatuambia kwamba walikuwa na mahakama, hata kama hatujui ilikaa chini ya mti gani.

Wale waliokuja kutazama

Mjerumani Gustav Fischer, tabibu na msafiri, alipita hapo mwaka 1883 katika safari yake ya kuelekea Naivasha. Aliyaona mawe, naye akayalinganisha na kuta za ngome za kale zilizobomoka. Hakukaa. Wenyeji aliowakuta walikuwa Wamaasai, wafugaji, na wajenzi walikuwa wamekwisha kuondoka. Wanazuoni wa leo huweka mwisho wa makazi yale kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19.

Louis Leakey alifika mwaka 1935. Alihesabu misingi ya nyumba, akakadiria kwamba palikuwa na watu kati ya 30,000 na 40,000. Hesabu hiyo ilisafiri mbali. Mwandishi Basil Davidson aliichukua katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Afrika ya kale, na kwa njia hiyo Engaruka ikajulikana duniani kuwa mji mkubwa uliopotea. Ulikuwa wakati wa kudai uhuru, na Waafrika wasomi walihitaji miji. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa nchi yetu, alichimbua katika miaka ya 1960. Baada yake John Sutton alirudi mara kwa mara, akatazama zaidi mashamba kuliko nyumba, na kuonyesha kwamba si nyumba zote zilikaliwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo watu walikuwa elfu chache tu kwa wakati wowote. Sutton aliandika pia kwamba neno "mji" halifai. Ilikuwa jamii ya wakulima, waliokaa karibu karibu kwa sababu maji yaliwalazimu, wasio na kasri wala soko kubwa. Shanga za kioo na kauri zilizopatikana zinathibitisha kwamba vitu vya pwani viliwafikia, lakini ni vichache.

Nimewaona wanafunzi wakihuzunika wanapoambiwa kwamba ule mji wa watu 40,000 haukuwapo. Mmoja aliniuliza kama huu si ujanja mwingine wa wageni wa kutupunguza. Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa ujanja wa namna hiyo umekuwapo kweli. Nilimjibu kwamba kwangu mimi watu elfu chache walioweza kulisha watoto wao mahali pakame, kwa karne tatu au zaidi, kwa mfereji na samadi, ni ajabu kubwa kuliko mji. Hakuridhika. Nadhani hadi leo anautaka mji wake.

Wana wa Hamu

Hapa ndipo historia hii inapoingia katika kazi yetu sisi wachungaji, na nitakaa hapa kidogo.

Katika miaka ya 1930 palikuwa na nadharia iliyotawala vitabu vya Afrika ya Mashariki, kwamba kila kitu cha busara kilichopatikana barani, iwe ukuta wa mawe, mfereji, chuma au ufalme, kililetwa na watu weupe au wekundu kidogo walioitwa Wahamiti. Charles Seligman aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya jamii za Afrika. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya ule alioita ustaarabu wa Azania, akikusanya magofu ya mawe, mashimo na mifereji ya Kenya na kuyahesabu kuwa kazi ya watu wa kale waliotoweka. Mwafrika aliyekuwa akichimba mfereji mbele ya macho yao hakuhesabiwa.

Jina la nadharia hiyo limetoka katika Mwanzo sura ya 9 na ya 10. Ni aibu yetu kwamba sura hizo zilisomwa kwanza kumhukumu mtu mweusi kuwa mtumwa, na baadaye zikageuzwa kumnyang'anya kazi ya mikono yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuona katika Mwanzo 9 kwamba laana ya Nuhu ilimwangukia Kanaani, wala si Hamu, na kwamba aliyetamka ni mzee aliyetoka kulewa, si Bwana. Orodha ya mataifa ya sura ya 10 ni ramani ya dunia kama mwandishi alivyoifahamu. Haikukusudiwa kupima vichwa vya watu. Wanaisimu walichukua humo majina mawili, Shemu na Kushi, wakayapa makundi ya lugha, na kwa sababu hiyo tunasema leo kwamba Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Hilo ni jina la kundi la lugha tu. Halisemi lolote juu ya damu ya mtu wala juu ya mwana yupi wa Nuhu alimzaa nani.

Nasema hayo kwa sababu nadharia ya Wahamiti haijafa. Imebadili mavazi na kuhamia Karatu. Nimesikia katika mahubiri, katika arusi, na mara moja katika mazishi ya mzee wa Kanisa, kwamba Wairaqw walitoka Mesopotamia, nchi ya Ibrahimu, na kwamba jina lao ni ushahidi kwa sababu linafanana na Iraq. Wasemao hivyo husema kwa upendo na fahari, nami sipendi kumvunjia mtu heshima ya babu zake. Lakini kufanana kwa majina si ushahidi. Katika Kutoka sura ya 15 kuna mahali paitwapo Mara, penye maji machungu, wala hakuna aliyewahi kufundisha kwamba wana wa Israeli walipiga kambi Musoma. Ushahidi tulio nao ni lugha yenyewe. Kiiraqw ni ndugu wa Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, zinazosemwa hapahapa Tanzania, na ukoo wao mpana hupatikana Ethiopia na pembe ya Afrika. Wazee wenyewe, wanaposimulia pasipo kuongozwa na wahubiri, hutaja Maangwatay, na kutoka huko kuhama hadi Irqwar Da'aw katika nyanda za juu za Mbulu. Hawataji Babeli.

Mtu atauliza kuna madhara gani. Madhara yapo. Anayefundishwa kwamba thamani yake ilitoka mbali ataanza kuwatazama jirani zake wasiotoka mbali kuwa watu wa chini yake. Na anayefundishwa kwamba ni mgeni mtukufu, siku moja ataambiwa kwamba ni mgeni tu, na kwamba arudi kwao.

Ni nani waliojenga?

Wako wanazuoni waliowataja mababu wa Wairaqw kuwa wajenzi wa Engaruka. Hoja yao si dhaifu. Irqwar Da'aw ni nchi inayojulikana kwa kilimo cha bidii katika ardhi finyu, cha samadi na ng'ombe wa zizini, na njia ya kutoka Engaruka hadi Mbulu si ndefu. Wengine wamewataja Wasonjo, kwa ajili ya mifereji yao, na kwa ajili ya vijiji vyao vilivyobanana mteremkoni. Lakini Wasonjo wanasema lugha ya Kibantu na wana simulizi zao za kutawanyika, na anayetaka kuwafanya warithi wa Engaruka inampasa aeleze hayo. Yawezekana wajenzi hawakuwa watu wa kabila moja hata kidogo, na kwamba walipotawanyika waliingia katika makabila mbalimbali, kila kundi likipoteza lugha yake ndani ya lugha ya waliolipokea. Tunajua kwamba jambo kama hilo limetokea mara nyingi katika historia ya milima hii.

Wamaasai wa Engaruka, kwa upande wao, hawadai kwamba ni babu zao waliojenga. Tulipowapeleka wanafunzi huko, laigwanani mmoja alitupokea kwa ukarimu mkubwa. Kijana wa kutoka Karatu, kwa ushujaa wa ujana, alimwambia mbele ya watu: "Mzee, haya ni mawe ya babu zetu." Mzee yule hakukasirika. Alimjibu: "Vema, mwanangu. Basi babu zako walituachia kazi ya kuyalinda." Watu wakacheka, nasi tukanywa chai. Lakini njiani kurudi niliona kwamba kijana hakuwa amecheka, na kwamba sentensi yake haikuwa ya historia peke yake.

Historia kama hati ya shamba

Ndani ya Kasoko ya Ngorongoro kuna marundo mengine ya mawe, ya kale zaidi sana kuliko Engaruka. Adolf Siedentopf, mlowezi wa Kijerumani, alikuwa na shamba humo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na marundo hayo yalikuwa katika ardhi yake. Hans Reck aliyachunguza, na katika miaka ya 1960 Leakey na Sassoon wote wawili waliandika taarifa za machimbo zaidi. Ni makaburi ya wafugaji walioishi miaka 2,000 na zaidi iliyopita, waliozika wafu wao pamoja na mabakuli ya mawe na shanga. Baadaye sana Wadatoga walichunga katika kasoko hiyo, hadi Wamaasai walipowaondoa katikati ya karne ya 19. Wadatoga huwaheshimu sana wafu wao wakuu. Ibada yao ya bung'eda huchukua miezi, nao hujenga juu ya kaburi. Kwa mzee wa Kidatoga wa Eyasi, milima ile si kivutio cha watalii. Ni makaburi ya jamaa zake.

Mlowezi naye aliondoka, na shamba lake likachukuliwa baada ya vita. Mwaka 1959 likaanzishwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo wanyama na wafugaji wangekaa pamoja. Mwaka 1974 wafugaji waliondolewa ndani ya kasoko, wakabaki kwenye kingo na nyanda. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Wilaya ya Handeni, chini ya mpango wa Serikali. Kati ya hao wamo washarika wetu. Wengine walikubali, wengine wanasema kwamba hawakuwa na la kuchagua, na mchungaji hukutana na wote wawili katika benchi moja. Sitaki kulihukumu jambo hilo katika makala ya historia. Nalitaja kwa sababu katika mabishano yake nimesikia mara nyingi hoja ya mawe. Mmoja husema Wamaasai walikuja juzi, kwa hiyo waondoke. Mwingine husema sisi wa Karatu tulikuwako kabla yao, magofu ni yetu, kwa hiyo nchi ni yetu. Wa tatu husema makaburi ya kasoko ni ya watu wasiojulikana, kwa hiyo ardhi haina mwenyewe.

Hoja zote tatu ni mbovu kwa namna moja. Ikiwa aliyetangulia ndiye mwenye haki, basi sisi sote tulioko kati ya Manyara na Serengeti ni wavamizi, kwa kuwa waliotangulia ni wale waliozikwa na mabakuli ya mawe, na kabla yao wawindaji, ambao Wahadzabe wa Eyasi bado wanaishi kwa namna ya maisha inayofanana na yao, na ambao hakuna aliyewauliza katika mkutano wowote. Wairaqw wenyewe walienea Karatu kwa wingi katika karne ya 20 tu. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 1995. Haki ya mtu kukaa mahali ina misingi mingine, ya sheria, ya kazi na ya ubinadamu, na inapasa itetewe kwa misingi hiyo. Mawe ya Engaruka yanaweza kushuhudia kwamba watu waliishi hapa kwa akili na bidii. Hayawezi kutoa hati.

Msingi wa kanisa

Nilisema kwamba nimekosea. Mwaka wa pili wa utumishi wangu nilipewa mtaa chini ya milima hii, ambao sitautaja jina. Washarika walikuwa maskini na wenye bidii. Tulihitaji mawe ya msingi wa kanisa, na fundi akasema kwamba mawe yaliyokwisha kukusanywa yapo, kilometa chache tu, marundo na kuta zisizo na mwenyewe. Nilijua ni mabaki ya kale. Nilijua pia, kwa kusikia, kwamba iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Nilijiambia kwamba kuta chache kati ya nyingi si kitu, na kwamba nyumba ya Mungu ni matumizi bora kuliko gofu. Matrekta mawili yalikwenda na kurudi kwa siku tatu. Siku ya kuweka jiwe la msingi nilihubiri Yoshua sura ya 4, juu ya yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani ili watoto wa baadaye waulize maana yake. Nilihubiri vizuri, nadhani. Sikuona kwamba nilikuwa nimesimama juu ya mawe ambayo nimeyafanya yasiweze kuulizwa tena.

Mwanaakiolojia mmoja alinieleza miaka mingi baadaye, bila kujua habari yangu, kwamba ukuta ukishang'olewa hata picha nzuri haimsaidii. Anachohitaji ni mahali jiwe lilipolala, udongo uliokuwa chini yake, na mbegu iliyobanwa katikati. Knossos ni mfano wa hatari ya upande mwingine. Evans hakuiba mawe, bali aliyaongezea. Alijenga upya sehemu za kasri kwa saruji na kuzipaka rangi kadiri ya mawazo yake, akaupa ustaarabu wote jina la Minos, mfalme wa hadithi. Leo mgeni anayefika Krete hupata shida kujua wapi wanaishia watu wa kale na wapi anaanzia Evans. Sisi wahubiri tuna saruji yetu.

Yanayowezekana

Engaruka haina ukuta wa kuilinda. Wakulima wa leo, wa Engaruka Juu hasa, wanamwagilia kwa mto uleule, na si haki kuwaambia waache kulima kwa ajili ya mawe. Tangu 2018 magofu yamo ndani ya Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, inayotambuliwa na UNESCO na kuunganisha Wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Bondeni zaidi, Serikali kupitia Shirika la Maendeleo ya Taifa imekuwa ikiandaa mradi wa magadi soda. Mambo hayo yote yataleta barabara na watu, kwa hiyo mahitaji ya mawe yataongezeka.

Katika chuo chetu tumeanza jambo dogo. Kila mwanafunzi anayekwenda mafunzo ya vitendo katika sharika zenye mifereji, ikiwa ni Engaruka, Mto wa Mbu, au Mang'ola ambako vitunguu vyote hutegemea chemchemi zitokazo chini ya misitu ya Ngorongoro, hutakiwa kurudi na daftari. Humo huandika jina la kila mfereji, aliyeuchimba ikiwa anakumbukwa, zamu zake, wazee wanaoamua kesi zake, na adhabu ya anayeiba maji usiku. Haongezi maoni. Madaftari yapo kumi na manne sasa, yamehifadhiwa maktaba, na mengine yana mwandiko mbaya.

Yule kijana wa Karatu aliyejibiwa na laigwanani aliomba kupelekwa Engaruka kwa mafunzo yake. Katika daftari lake kuna ukurasa juu ya mfereji mmoja ambao wenyeji husema ulikutwa, haukuchimbwa na yeyote wanayemjua. Waliusafisha tu, wakafungua maji, yakapita. Mbele ya swali la aliyeuchimba ameacha mstari mtupu.